Bendera ya Walinzi wa Papa: alama zake zasema nini?



Katika ukurasa huu tumezoea kuchukua kitu kimoja ambacho macho yetu hukiona mara nyingi, kisha kuuliza maana yake. Juma hili tutachukua bendera. Si bendera ya nchi, ile ipandishwayo asubuhi mbele ya wanafunzi, bali bendera ya kikosi cha askari. Katika vikosi vyote vya dunia tumechagua kimoja kilicho kidogo sana, nacho wengi wenu mmekwisha kukiona katika picha: ni Walinzi wa Uswisi, wanaolinda milango ya Baba Mtakatifu kule Vatikano.

Watu hupenda kuyatazama mavazi yao yenye mistari ya buluu, manjano na nyekundu, kofia zao za chuma zenye manyoya, na mikuki yao mirefu iliyounganishwa na shoka. Wachache huitazama bendera yao. Lakini bendera hiyo ni kama kitabu cha ukurasa mmoja. Ajuaye kuisoma hukuta humo Papa aliyekianzisha kikosi, Papa anayetawala, kamanda wa askari, na nchi walikotoka askari wenyewe. Hukuta pia kumbukumbu ya siku moja ambayo watu 147 walikufa kwa sababu walikuwa wametoa neno lao, na hawakutaka kulirudisha.

Haya basi, tujifunze kuisoma pamoja.

Kwa nini askari wana bendera?

Zamani vitani hapakuwa na simu wala redio. Palikuwa na vumbi, makelele, na watu wengi waliochanganyikana. Askari aliyepotea katika fujo hiyo alifanyaje kuwatambua wenzake? Aliinua macho akaitafuta bendera. Ilipo bendera, ndipo alipo kamanda, na ndipo penye wenzake. Kwa hiyo bendera ilikabidhiwa mtu hodari, na kuipoteza mikononi mwa adui ilikuwa aibu ya kikosi kizima.

Alama zilizochorwa juu ya bendera zina asili ya namna hiyohiyo. Yapata karne ya 12, mashujaa wa Ulaya walivaa chuma toka kichwani hata miguuni, uso ukafichika. Ndipo kila mmoja alipochora alama yake juu ya ngao: simba, nyota, mti, mnara. Baba alimrithisha mwanawe alama hiyo, ikawa nembo ya ukoo. Baadaye miji ilichukua nembo zake, na maaskofu na Mapapa vilevile, ingawa wao hawakuhitaji ngao ya vita. Hata leo kila Papa ana nembo yake.

Nembo hizi zina sheria zake. Manjano husimama mahali pa dhahabu, na nyeupe mahali pa fedha. Tena mahali pa juu, karibu na mlingoti, ni mahali pa heshima kupita sehemu nyingine zote za bendera. Mkumbuke sheria hiyo, kwa maana itatusaidia sasa hivi.

Msalaba mweupe na robo nne

Bendera ya Walinzi ni ya mraba. Kitu cha kwanza kionekanacho ni msalaba mweupe, mkubwa, ambao mikono yake hufika hata kingo za kitambaa na kuigawa bendera katika robo nne.

Msalaba huu ni alama ya Uswisi. Zamani Uswisi haikuwa nchi moja kama leo. Ilikuwa muungano wa majimbo madogo ya milimani, na kila jimbo lilikuwa na bendera yake. Walipokwenda vitani pamoja, walihitaji alama moja ya wote, wakashona msalaba mweupe juu ya nguo zao. Katika bendera ya taifa la Uswisi ya leo msalaba huo ni mfupi, umesimama peke yake katikati ya nyekundu. Katika bendera ya Walinzi umebaki mrefu, kama ulivyokuwa katika bendera za vita za zamani.

Sasa tazama robo nne. Ya juu karibu na mlingoti, mahali pa heshima, ina nembo ya Papa anayetawala. Ya chini upande wa mbali ina nembo ya Papa Yulio II, aliyekianzisha kikosi. Robo mbili zilizobaki zina mistari ya kulala yenye rangi za kikosi, yaani buluu, manjano na nyekundu. Mwishowe, katikati kabisa, pale mikono ya msalaba inapokutana, ipo nembo ya kamanda.

Huo ndio mpango wote. Bendera ilipata mpango huu wa sasa siku za kamanda Jules Repond, aliyeongoza kikosi toka mwaka 1910 hata 1921. Ndiye pia aliyeyatengeneza upya mavazi ya askari wake. Watu wengi husema kwamba mavazi hayo yalibuniwa na Michelangelo, mchoraji mkuu wa zamani. Sivyo. Repond ndiye aliyechungua michoro ya kale, hasa ile ya Raffaello, akayapa mavazi sura tuijuayo leo.

Msiichanganye bendera hii na ile ya dola la Vatikano, yenye manjano na nyeupe na funguo mbili za Mtakatifu Petro. Rangi hizo mbili zilichaguliwa na Papa Pio VII mwaka 1808. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameingia Roma, na askari waliotiwa chini ya Wafaransa walikuwa wakivaa bado rangi za zamani za Papa, nyekundu na manjano. Papa akaona ni lazima watu waweze kuwatambua waliobaki waaminifu kwake. Kwa hiyo akabadili rangi. Mwaona jinsi rangi mbili za kitambaa zinavyoweza kuwa jambo kubwa.

Mwaloni wa Papa Yulio

Turudi kwenye robo ya chini. Nembo ya Papa Yulio II ni mti wa dhahabu katika uwanja wa buluu, na matawi yake yamesukwa pamoja. Mti huo ni mwaloni, mti wa Ulaya wenye mbao ngumu na maisha marefu, kama mvule wa misitu yetu. Kwa nini mwaloni? Kwa sababu Papa huyo, kabla ya kuchaguliwa, aliitwa Giuliano della Rovere, na kwa Kitaliano neno *rovere* ni aina ya mwaloni. Nembo yasema jina la ukoo bila kutumia herufi. Wazee wetu, ambao huwapa watoto majina yenye maana, wangeielewa nembo hii bila mwalimu.

Yulio II alitawala toka mwaka 1503 hata 1513. Alikuwa mtu wa nguvu na wa hasira, mwenye mipango mikubwa. Ndiye aliyeweka jiwe la kwanza la kanisa jipya la Mtakatifu Petro, tarehe 18 Aprili 1506. Ndiye pia aliyemwagiza Michelangelo kuchora dari ya kanisa dogo la Sistina, na ukiitazama vizuri dari hiyo utaona majani na matunda ya mwaloni.

Papa huyo aliwaomba Waswisi askari wa kumlinda. Siku zile Uswisi ilikuwa nchi maskini. Milima haikutosha kuwalisha watu wote, na vijana wengi walitoka kwenda kupigana kwa mshahara katika majeshi ya wafalme wa kigeni. Walisifiwa kote Ulaya kwa namna walivyosimama pamoja na mikuki yao mirefu bila kuvunja safu. Tarehe 22 Januari 1506, Waswisi 150 waliingia Roma wakiongozwa na Kaspar von Silenen, mtu wa jimbo la Uri, na Papa akawabariki. Siku hiyo kikosi kilizaliwa.

Miaka sita baadaye, mwaka 1512, Waswisi walipokwisha kumsaidia Papa katika vita vya Italia, Yulio aliwapa majimbo na miji yao jina la watetezi wa uhuru wa Eklezya. Pamoja na jina hilo walipata bendera za hariri, zaidi ya 40, zenye picha takatifu pembeni, ambazo walikabidhiwa na Kardinali Matthäus Schiner. Baadhi ya bendera hizo zimehifadhiwa Uswisi hata leo.

Mahali pa Papa anayetawala

Robo ya juu hubadilika. Kila Papa mpya anapochaguliwa, nembo ya yule aliyetangulia huondolewa na yake huwekwa. Kwa hiyo bendera hii yaweza kutuonyesha historia ya Eklezya ya siku zetu.

Siku za Papa Benedikto XVI, aliyetawala toka mwaka 2005 hata 2013, kulikuwa na dubu mwenye mzigo mgongoni. Ni dubu wa Mtakatifu Korbiniano, askofu wa Freising katika Ujerumani. Masimulizi ya kale husema kwamba mtakatifu huyo alipokuwa njiani kwenda Roma, dubu alimwua mnyama wake wa mizigo. Naye akamwamuru dubu aubebe mzigo huo mwenyewe mpaka Roma. Katika nembo hiyohiyo kulikuwa na kichwa cha mtu mweusi aliyevaa taji. Ni alama ya kale ya maaskofu wa Freising, waliyoitumia toka karne ya 14. Benedikto, aliyekuwa askofu mkuu wa München na Freising kabla ya kwenda Roma, alieleza kwamba kwake yeye alama hiyo ilikuwa dalili ya Eklezya ya watu wote, isiyotenga watu kwa rangi wala kwa cheo. Hivyo kwa miaka minane Waswisi waliibeba bendera yenye uso wa Mwafrika mahali pa heshima.

Papa Fransisko, Mjezuiti, alileta jua la shirika lake lenye herufi za jina la Yesu, pamoja na nyota ya Mama Maria na ua la nardo la Mtakatifu Yosefu. Baada yake amekuja Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025. Nembo yake imekatwa kwa mshazari. Sehemu ya juu ni ya buluu na ina ua jeupe la yungiyungi, alama ya Bikira Maria. Sehemu ya chini ina rangi nyeupe, na humo kuna kitabu kilichofungwa chenye moyo uliochomwa na mshale. Huo ni moyo wa Mtakatifu Augustino, baba wa shirika la Papa Leo. Nanyi wanafunzi mwajua Augustino alizaliwa wapi: alizaliwa Tagaste, mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo katika Afrika hiyohiyo.

Rangi tatu na siku ya 6 Mei 1527

Sasa tufike kwenye mistari ya buluu, manjano na nyekundu. Buluu na manjano ni rangi za ukoo wa della Rovere, kama tulivyoona: mti wa dhahabu katika uwanja wa buluu. Nyekundu yatoka kwa ukoo mwingine, Wamedici wa Firenze, ambao nembo yao ina mipira myekundu juu ya dhahabu. Klementi VII, aliyetawala toka mwaka 1523 hata 1534, alikuwa Mmedici. Na kwa jina lake twafikia siku iliyo kubwa kuliko zote katika historia ya kikosi.

Mwaka 1527 jeshi la Kaizari Karoli V lilikuwa Italia. Ndani yake mlikuwa Wajerumani, Wahispania na Waitaliano, askari wa mshahara kwa maelfu. Lakini mshahara haukuja. Miezi ilipita, na njaa iliwauma. Ndipo walipoanza kuamuru wenyewe njia ya kufuata, na njia waliyoichagua ilikwenda Roma, mji wa mali nyingi na ukuta dhaifu. Askari mwenye silaha asiyelipwa ni hatari kwa raia: jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa nchi yetu.

Asubuhi ya tarehe 6 Mei waliuvamia mji. Mkuu wao, Charles wa Bourbon, aliuawa ukutani saa za kwanza, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Waliua, waliiba, walinajisi makanisa, waliwatesa watu ili waonyeshe mahali walipoficha fedha. Wengine kati yao walikuwa wafuasi wa Luteri. Lakini wengine walikuwa Wakatoliki, na bendera zao zilikuwa za Kaizari Mkatoliki.

Walinzi wa Uswisi walikuwa 189. Kamanda wao aliitwa Kaspar Röist, mtu wa Zürich. Mji wake ulikuwa umekwisha kuifuata dini mpya ya Zwingli, lakini yeye alibaki mahali alipowekwa. Walinzi wakasimama karibu na kanisa la Mtakatifu Petro, wakapigana. Wakauawa 147. Röist alijeruhiwa, akapelekwa nyumbani kwake, na huko maadui walimkuta wakamwua mbele ya mke wake. Wale 42 waliosalia, wakiongozwa na Herkules Göldli, walimzunguka Papa na kumpitisha njia ya juu ya ukuta iendayo toka Vatikano hata ngome ya Malaika Mtakatifu. Klementi VII akaokoka.

Hapa tusimame kidogo, wasomaji wapenzi, tufikiri. Waliovamia walikuwa askari wa mshahara. Waliolinda nao walikuwa askari wa mshahara. Hawa walikuwa na bendera, na wale walikuwa na bendera. Hawa waliapa, na wale waliapa kwa Kaizari wao. Basi tofauti ilikuwa wapi? Tofauti haikuwa katika kitambaa, wala katika mshahara peke yake. Wale waliona kwamba fedha ikikoma, na neno lao limekoma. Hawa waliona kwamba neno lao lina thamani hata pale ambapo hakuna fedha iwezayo kuwafaa tena, kwa maana maiti hapokei mshahara.

Baada ya maangamizi hayo kikosi kilivunjwa. Papa Paulo III alikiunda tena mwaka 1548, chini ya Jost von Meggen, mtu wa Luzern. Kikavunjwa tena siku za Wafaransa, kikarudishwa. Na mwaka 1970, Papa Paulo VI alipovifuta vikosi vingine vya askari wa Vatikano, aliwaacha Waswisi peke yao.

Nembo ya kamanda katikati ya msalaba

Mtu aweza kushangaa: kwa nini kamanda, aliye mdogo kuliko Papa, amewekwa katikati ya bendera?

Tukumbuke sheria tuliyoitaja. Mahali pa heshima ni juu, karibu na mlingoti, na hapo ni pa Papa. Kamanda yupo katikati kwa sababu katikati ndipo sehemu zote zinapokutana. Papa ndiye wanayemlinda. Kamanda ndiye anayewaongoza. Nembo yake hubadilika anapobadilika yeye: mwaka 2015 Christoph Graf, mtu wa jimbo la Luzern, alichukua mahali pa Daniel Anrig, na bendera ikapata nembo mpya ya katikati. Hivyo kila askari anayeitazama bendera amwona mtu wa kujibu kwa ajili yake. Hakuna kosa la kikosi ambalo kamanda aweza kusema, "Silo langu," hali jina lake limeshonwa katikati ya msalaba.

Nasi tuna jambo la kujifunza hapo. Kuwekwa katikati si kuwekwa juu. Baba wa nyumba, mwalimu, mkubwa wa kijiji, wote wamewekwa katikati: watu huwatazama, na mambo yote huwapitia.

Mkono juu ya bendera

Kila mwaka tarehe 6 Mei, katika ukumbusho wa wale 147, askari wapya huapa. Kwa kawaida hufanya hivyo katika ua wa Mtakatifu Damaso, ndani ya Vatikano. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia wakati wa maombolezo, kwa kuwa Papa Fransisko alikuwa amefariki tarehe 21 Aprili. Kwa hiyo kiapo kiliahirishwa hata tarehe 4 Oktoba, na Papa Leo XIV akahudhuria mwenyewe.

Mambo yenyewe hufanyika hivi. Padri wa kikosi husoma maneno ya kiapo: kumtumikia Papa na waandamizi wake halali kwa uaminifu na heshima, na kuwatetea hata kwa kutoa maisha yakihitajiwa. Waahidi vilevile kuwatumikia makardinali wakati kiti cha Petro kinapokuwa wazi. Kisha bendera hulazwa mbele. Kila kijana huitwa kwa jina lake, hutoka katika safu, huishika bendera kwa mkono wa kushoto, na huinua mkono wa kuume akinyosha vidole vitatu, dalili ya Utatu Mtakatifu. Hutamka kiapo kwa lugha ya kwao: Kijerumani, Kifaransa, Kitaliano au Kiromanshi. Haapi kwa lugha ya kuazima, asije akasema kesho kwamba hakufahamu aliyoyasema.

Vijana hao ni Waswisi Wakatoliki, wamekwisha kufanya mafunzo ya kijeshi kwao, na huingia kikosini kabla ya kuoa. Kazi yao ya kila siku si tukufu kama picha zao. Ni kusimama mlangoni kwa saa nyingi, katika jua na katika baridi, kuwajibu wageni, kukesha usiku. Papa anaposafiri, baadhi yao humfuata wakiwa wamevaa nguo za kiraia, na hakuna awatambuaye. Siku ya Noeli na siku ya Pasaka, Papa anapotoa baraka kwa mji na kwa ulimwengu, kikosi hutoka na bendera yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Wenye televisheni wataweza kuitafuta siku hizo, na sasa watajua kuisoma.

Jambo ambalo bendera haiwezi

Tusifikiri kwamba bendera ina nguvu ya kumfanya mtu kuwa mwema. Tarehe 4 Mei 1998, siku ileile Alois Estermann alipotangazwa kuwa kamanda, yeye na mke wake waliuawa kwa risasi nyumbani mwao. Kadiri ya uchunguzi wa Vatikano, mwuaji alikuwa askari kijana wa kikosi hichohicho, ambaye kisha alijiua. Kijana huyo naye aliwahi kuishika bendera kwa mkono wake na kuinua vidole vitatu. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki kabla ya sherehe ya kiapo.

Habari hiyo ni ya huzuni, lakini si vema kuificha, kwa maana yatufundisha jambo la kweli. Alama haibebi mtu. Mtu ndiye abebaye alama. Msalaba shingoni, pete kidoleni, kadi ya chama mfukoni, nguo rasmi ya askari au ya mwanafunzi: vyote ni kumbukumbu ya neno tulilolitoa. Vyaweza kutukumbusha, vyaweza pia kutushuhudia vibaya. Kulishika neno lenyewe ni kazi ya moyo, na ni kazi ya kila siku.

Nanyi wazazi, watoto wakiwauliza kwa nini watu husimama wima mbele ya kitambaa, msiwajibu kwamba ni amri tu. Waambieni kwamba nyuma ya kila bendera kuna watu waliotoa ahadi, na wengine waliotegemea ahadi hiyo iwaokoe. Wale raia wa Roma wa mwaka 1527 waliujua uchungu wa kukutana na askari waliosahau ahadi yao. Papa Klementi, juu ya ukuta ule, alijua maana ya kuzungukwa na watu 42 walioikumbuka.

Maswali kwa wanafunzi

1. Bendera ya Walinzi wa Uswisi ina robo nne. Taja kilichomo katika kila robo, na mahali pa heshima.

2. Kwa nini nembo ya Papa Yulio II ina mwaloni? Tafuta katika lugha ya kwenu jina la ukoo ambalo lingeweza kuchorwa vivyo hivyo, bila herufi.

3. Waliovamia Roma na walioilinda walikuwa wote askari wa mshahara. Eleza kwa maneno yako tofauti yao. Kisha uliza nyumbani: je, katika jamaa yetu ni nani aliyeshika neno lake siku ambayo hakuna aliyemlipa?